Unga unaogeuza hewa ukaa kuwa mafuta kwa mwanga: kabla hujashangilia, uliza kaboni imetoka wapi

Habari za humu wakuu.

Kila baada ya wiki mbili tatu naona mtu kashea kwenye magrupu habari ya "wanasayansi wagundua kitu kipya kinachogeuza hewa ukaa kuwa mafuta kwa jua tu", chini watu wanapongeza, wengine wanasema Afrika tumelala, na mimi nimeshika simu nataka kujibu lakini naona komenti moja haitoshi. Leo nimeamua nilete uzi kabisa. Masters yangu ya kemia niliifanya hapa Dar na kazi ilikuwa hiihii ya vichocheo vya mwanga, yaani vitu vinavyotumia mwanga kuendesha mabadiliko ya kemikali, kwahiyo naongelea kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Ni ndefu, chukua chai kwanza.

Jambo lenyewe ni la kweli, hilo tuelewane mapema. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukichukua titani dayoksaidi, ile poda inayofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe, ukaifanya elektrodi ndani ya maji na upande wa pili ukaweka platinamu, ukiimulika maji yanaachana, oksijeni huku haidrojeni kule. Miaka saba baadae, 1979, haohao wakiwa na wenzao wakapuliza hewa ukaa kwenye maji yaliyochanganywa na unga wa semikondakta mbalimbali (vitu vinavyopitisha umeme nusunusu), titani dayoksaidi, zinki oksaidi, kadmiamu salfaidi na nyingine, wakawasha taa, wakapata asidi ya fomiki, formaldehaidi, methanoli na methane kidogo. Asidi ya fomiki ndo ile wanayokurushia majimoto ukipanda mwembe wenye kiota chao. Sasa fikiria hiyo asidi inatoka kwenye hewa ukaa, maji na mwanga, hakuna moto, hakuna kiwanda kikubwa. Mimi niliposoma hiyo mara ya kwanza sikulala vizuri siku hiyo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Semikondakta ina elektroni zimetulia chini, mwanga ukiipiga elektroni moja inaruka juu na nyuma yake inabaki nafasi wazi, wenyewe tunaiita shimo. Ile elektroni iliyoruka ndo tunataka ikaivamie hewa ukaa, na lile shimo linyang'anye elektroni kwenye maji ili itoke oksijeni. Tatizo la kwanza ni kwamba elektroni nyingi haziendi popote, ni kama abiria amenyanyuka kwenye kiti cha daladala kabla hajapiga hatua amekaa tena palepale, yote hayo yanatokea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na ule mwanga wote unaishia kuwa joto tu. Tatizo la pili ni urefu wa kuruka. Titani dayoksaidi inahitaji fotoni (chembe ya mwanga) yenye nguvu ya elektroni volti 3.2 hivi, maana yake ni miale ya UV peke yake, na UV ni kama asilimia 4 au 5 tu ya nguvu ya jua linalotufikia. Hili jua lote linalotuchoma Posta saa saba mchana, kwa titani dayoksaidi karibu lote ni giza.

Na hewa ukaa yenyewe ni kiumbe kigumu. Molekuli yake imenyooka kama mti wa mizani, kaboni katikati na oksijeni huku na huku, imeridhika na hali yake. Ukitaka kuisukumia elektroni moja peke yake inabidi uikunje kwanza, na hiyo inadai volti hasi 1.9, karibu semikondakta zote za kawaida hazifiki hapo. Njia ya kupitia ni kuipa elektroni kadhaa pamoja na protoni, mbili ukitaka kaboni monoksaidi au asidi ya fomiki, sita ukitaka methanoli, nane ukitaka methane. Nane! Na zote zifike sehemu ileile kabla hazijarudi kwenye viti vyao. Wakati huohuo maji yapo pembeni yanataka elektroni hizohizo yatoe haidrojeni ambayo inahitaji mbili tu. Alafu hewa ukaa haiyeyuki sana kwenye maji, lita moja kwa joto la kawaida inabeba kama gramu moja na nusu, hata ukiwa umepuliza hewa ukaa tupu. Kwahiyo mtu akisema amepata methane kwa mwanga, amepita kwenye tundu la sindano, na ndo maana lazima tumuulize maswali.

Sasa hizi "material mpya" zinazotangazwa ni nini. Zipo nyingi, nitataja zile ninazozijua vizuri.

Ya kwanza ni kaboni naitraidi, hii naipenda kuliko zote, manake inatengenezwa na urea. Ndio, urea ileile mbolea ya kwenye mfuko. Mwaka 2009 kundi lililokuwa na Wang Xinchen lilionyesha kwamba unga huu wa njano usio na metali yoyote unaweza kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga unaoonekana kwa macho, toka hapo dunia nzima ikaingia humo. Pengo lake, yaani ule urefu wa kuruka, ni elektroni volti 2.7, kwahiyo inakula mpaka mwanga wa bluu, nanomita kama 460.

Nikueleze tulivyokuwa tunaitengeneza. Unapima gramu 20 za urea, unaweka kwenye kibakuli cha kauri chenye mfuniko, unafunga foili juu yake, unaingiza kwenye tanuru, unapandisha taratibu mpaka nyuzi 550 na unaacha pale masaa mawili mpaka manne. Ikifika katikati harufu ya amonia inatoka kali kama ya choo cha shule kilichofungwa wiki nzima, macho yanawasha hata kama tanuru lipo kwenye sehemu ya kuvuta hewa. Ukija kufungua ikishapoa unakuta unga mwepesi sana, umevimba, rangi kama ya unga wa dengu, ukipumua vibaya unaruka. Na ni kidogo, katika zile gramu 20 mimi nilikuwa sipati hata gramu moja. Nyingine yote imeondoka na ule moshi.

Ya pili ni perovskaiti za haloji, hasa ile ya siziamu, risasi na bromini. Vichembe vyake ni vidogo mno, vinameza mwanga wa kijani na bluu vizuri kweli, na kuanzia 2017 watu wakaanza kuvitumia kwenye hewa ukaa. Ubaya wake, vikiguswa na maji vinaharibika, na ndani kuna risasi. Kwahiyo wengi wanavifanyia kazi ndani ya kimiminika kingine kama ethaili asiteti. Hicho kimiminika kikumbuke, tutakirudia.

Ya tatu ni MOF. Hizi ni kama jengo la nguzo, fundo la metali huku, kiungo cha kaboni katikati, fundo jingine kule, na katikati matundu matupu yanayoingiza gesi. Gramu chache tu za MOF zina eneo la ndani kama uwanja wa mpira. Ndo zilizowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Nobeli ya kemia 2025. Mwaka 2012 Wachina walichukua MOF ya titani wakaiwekea kikundi cha amino, ikawa ya njano, ikaanza kula mwanga unaoonekana, ukiimulika inabadilika kutoka njano kwenda kijani kwa sababu titani imepokea elektroni, na hewa ukaa ikatoka kama fometi, yaani chumvi ya ile asidi ya fomiki. Unaona elektroni kwa macho yako kabisa, rangi inakwambia zimefika.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nilete uzi.

Mwaka wangu wa pili nilichanganya titani dayoksaidi na kaboni naitraidi, nikatumia ethanoli kuvikoroga, nikakausha, nikaweka kwenye riakta yetu ndogo yenye dirisha la kwatzi, nikajaza hewa ukaa na mvuke wa maji, nikawasha taa ya zenoni ya wati 300. Baada ya saa moja nikavuta gesi kwa sindano nikaingiza kwenye GC, mashine inayotenganisha gesi na kuonyesha kila moja kama kilele kwenye mchoro. Kilele cha kaboni monoksaidi kikapanda pale kwenye skrini, kizuri, kimesimama. Nilimpigia simu mama yangu. Siku tatu zilizofuata nilirudia na kila mara kinatoka, nikaanza hadi kuandika.

Mwalimu wangu alisoma kurasa mbili akarudisha karatasi na swali moja ameandika kwa penseli: kaboni imetoka wapi? Nikamjibu kwa kujiamini imetoka kwenye hewa ukaa, akasema sawa, kesho usiweke hewa ukaa, weka argoni.

Argoni ni ileile mafundi wanaochomelea stenlesi wanaitumia, haina kaboni hata chembe. Nikapitisha argoni nusu saa kutoa kila kitu, nikawasha taa, nikasubiri saa moja, nikavuta sindano. Kilele kikapanda tena. Kifupi kidogo kuliko cha jana, lakini kipo. Hakuna hewa ukaa ndani na bado napata "mafuta kutoka hewa ukaa". Nilikaa kwenye stuli ya maabara nikawa naiangalia tu ile skrini.

Ilikuwa ni ile ethanoli, mabaki yake yalikuwa yamejibana kwenye unga, na mwanga ulikuwa unayavunjavunja yanatoka kama kaboni monoksaidi. Baadae nikagundua dalili ambayo ningeiona mapema kama ningeangalia kwa makini, saa ya kwanza gesi inatoka nyingi, ya pili inapungua, ya tano karibu hakuna. Kichocheo kinachofanya kazi kweli hakitakiwi kuchoka hivyo, ila mabaki yanaisha.

Na sio mimi tu. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi na wenzao walichapisha kwenye jarida la chama cha kemia cha Marekani karatasi iliyouliza waziwazi kama usanisinuru huu wa kutengeneza kwa titani dayoksaidi ni kweli au ni hadithi. Walichofanya ni kutumia hewa ukaa yenye kaboni 13, kaboni iliyo nzito kidogo, badala ya 12 ya kawaida. Kaboni ya kawaida ina hiyo 13 asilimia 1 na kidogo tu, kwahiyo ukinunua gesi ambayo kaboni yake yote ni 13 ni kama umeipiga muhuri. Ikitoka kaboni monoksaidi yenye uzito 29 imetoka kwenye gesi yako, ikitoka ya 28 imetoka kwingine. Wao wakakuta nyingi ni ya kawaida, imetoka kwenye mabaki ya kaboni yaliyobaki juu ya kichocheo toka kilipotengenezwa. Titani dayoksaidi nyingi za maabara zinatengenezwa kwa kemikali zenye kaboni ndani yake, hata ukichoma kuna kinachobaki.

Sasa rudi uangalie zile material tatu nilizotaja. Kaboni naitraidi ni kaboni yenyewe. MOF viungo vyake ni kaboni. Perovskaiti inaogelea kwenye ethaili asiteti ambayo imejaa kaboni. Yaani material mpya zinazosifiwa zaidi ndo hizohizo ambazo swali la mwalimu wangu ni gumu zaidi kwao. Sisemi watu ni waongo, wengi wanafanya jaribio la kaboni 13 na linatoka safi, hao nawaheshimu sana. Nasema ukisoma habari, tafuta hilo jaribio kwanza, kama halipo funga ukurasa endelea na shughuli zako.

MUENDELEZO 1

Asanteni kwa michango. Mkuu mmoja hapo juu ameuliza, je kama kaboni imethibitishwa, basi mambo yameisha? Bado mkuu. Swali la pili ni elektroni imetoka wapi.

Nilisema shimo linatakiwa linyang'anye elektroni kwenye maji. Hiyo ni kazi ngumu, kwahiyo watafiti wengi wanaweka kemikali inayojitolea elektroni kirahisi, maarufu ni traiethanolamini. Hata kazi ile nzuri ya Jean-Marie Lehn na wenzake mwaka 1983, ya molekuli ya reniamu iliyogeuza hewa ukaa kuwa kaboni monoksaidi kwa mwanga, ilitumia hiyo. Kwa kuelewa kemia inasaidia sana, sina ugomvi nayo. Lakini kama unaunguza kemikali ya bei ghali, tena iliyotokana na petroli, ili upate gesi ya bei rahisi, hujatengeneza mafuta, umeyapunguza. Kwahiyo tafuta kama wamepima oksijeni. Elektroni zikitoka kwenye maji oksijeni lazima ionekane, na kwa hesabu inayolingana, sio kidogo tu.

Ndo maana mimi kazi inayonipa moyo ni ile ya Cambridge ya 2020, ya Qian Wang, Erwin Reisner na wenzao wakiwemo Wajapani. Wametengeneza kitu chembamba kama karatasi, unga wa aina mbili umeshikiliwa kwenye tabaka la dhahabu, mmoja ni strontiamu titaneti na mwingine bismathi vanadeti, juu yake wakaweka molekuli za kobalti. Hakuna waya, hakuna betri, hakuna kemikali ya kujitolea. Unaitumbukiza kwenye maji yenye hewa ukaa, unaimulika, upande mmoja unatoa fometi, mwingine oksijeni, na katika vinavyotoka upande wa fometi, fometi yenyewe ni asilimia 97 hivi. Ufanisi wake, kiasi cha nguvu ya jua kinachobaki ndani ya fometi, ni asilimia 0.08.

Naona mtu ataruka na hiyo 0.08. Ngoja tuipigie hesabu ya huku kwetu. Chukua jua la kilowati saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku, sehemu nyingi za Tanzania zinafika hapo. Asilimia 0.08 yake ni wati saa 4, ambayo ni kama gramu mbili na nusu za asidi ya fomiki kwa mita moja kwa siku nzima. Haijai hata kijiko cha chai. Paneli ya kawaida ya sola eneo hilohilo inakupa karibu kilowati saa moja. Lakini ile gramu mbili na nusu imehifadhika kwenye chupa, usiku ipo, mwezi ujao ipo, na imetoka kwa maji kweli na hewa ukaa kweli. Mimi namba ndogo ya kweli naichukua.

MUENDELEZO 2

Dada aliyeuliza kama unga huu unaweza kumtengenezea gesi ya kupikia nyumbani, swali lako ni zuri sana na hesabu yake nilishaifanya zamani.

Karatasi nyingi za utafiti zinaandika matokeo kwa maikromoli (kipimo kidogo sana cha wakemia cha kuhesabu molekuli) kwa gramu kwa saa. Tuseme mtu amepata maikromoli 10 za methane kwa gramu ya kichocheo kwa saa, namba za namna hiyo ni za kawaida kabisa kwenye majarida. Mtu wa magazeti akiona 10 anaona kubwa. Maikromoli 10 za methane ni miligramu 0.16. Unataka kujaza uzito wa mtungi mdogo wa kilo 6. Ukiwa na kilo nzima ya kichocheo na kila gramu ifanye kazi vilevile, utahitaji masaa 37,500 ya mwanga. Kwa masaa 8 ya jua kwa siku ni karibu miaka 13. Na kiuhalisia ni zaidi, kwa sababu ukirundika kilo ya unga mwanga unaishia juu juu, wa chini unakaa gizani, kwahiyo ile "kwa gramu" haizidishwi hivihivi. Kuna watu wanatumia miligramu chache mno ili namba ya kwa gramu ionekane kubwa, hiyo nayo iangalie.

Kwahiyo mtungi wako endelea kununua dada yangu, kwa sasa.

MUENDELEZO 3

Kwanini tusipande miti tu? Tupande mkuu, mimi nimepanda. Ila mti haukupi methanoli ya kiwandani, na mazao mengi ya shambani yanahifadhi chini ya asilimia 1 ya nguvu ya jua kwa mwaka. Wajapani kundi la Kazunari Domen walitandaza paneli za kichocheo cha mwanga mita za mraba 100 nje, juani na mvuani, zikatoa haidrojeni, ufanisi wa juu asilimia 0.76, ilichapishwa 2021. Hiyo ni haidrojeni, hewa ukaa bado iko nyuma, lakini inaonyesha unga ukishikizwa kwenye kioo unaweza kutoka maabara ukaenda uwanjani. Bei ya unga inaweza kuwa chini kuliko ya paneli ya silikoni, hapo ndo tumaini langu lilipo.

Na yule aliyeuliza hewa ukaa tutaitoa wapi: hewani ipo kidogo, sehemu 420 na kitu kwa milioni, kuikusanya ni gharama. Ila huku kwetu ardhi inaitoa yenyewe. Rungwe inavunwa toka chini, Kereita kule Kiambu pia inavunwa, ndo inayoingia kwenye soda. Ndugu zetu wa Goma wana hadi jina lake, mazuku, ile hewa inayotuama kwenye mabonde na kuua mifugo na watu usiku, wanasayansi wa volkano duniani wanalitumia neno hilohilo la Kiswahili. Ziwa Kivu limeyeyusha ndani yake hewa ukaa kilomita za ujazo kama 300. Gesi ipo, na jua lipo.

MUENDELEZO 4

Mdogo wangu uliyeniandikia upo mwaka wa tatu unataka kufanya project ya urea, nakujibu hapahapa wengine waone. Fanya, ni rahisi kuanza, tanuru chuo chochote chenye kemia kitakuwa nalo. Unga ukishapata uoshe kwa maji safi mara kadhaa, usitumie ethanoli, kausha, alafu uchome tena taratibu kwenye hewa ya kawaida utoe vilivyojificha. Usianze na hewa ukaa. Anza na riakta tupu bila unga, washa taa, pima. Weka unga na hewa ukaa lakini taa imezimwa, pima. Kisha weka unga, mvuke na argoni, washa taa, acha masaa matano na upime kila saa, uandike kila namba hata zile usizozipenda. Ukiona kilele cha kaboni monoksaidi kwenye argoni, usifungue bomba la hewa ukaa siku hiyo. Rudi ukaoshe unga.